Sauti Iliyopita Bila Salamu

Mtu akisikia neno mpelelezi hufikiria koti refu na miwani myeusi. Huyu wa mji huu alikuwa na baiskeli yenye kengele mbovu, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya fundi viatu. Watu walimwita Mpekuzi, wengine kwa heshima, wengine kwa kumkebehi, naye aliwaitikia wote sawa. Zamani alikuwa askari, akaacha mwenyewe kabla hajaachishwa. Tangu hapo riziki yake ilitoka kwa waume wanaochelewa kurudi, wake wanaochelewa zaidi, na mbuzi waliokatwa masikio upya ili wafanane na mbuzi wa mtu mwingine.

Kwa hiyo Mama Dobi alipoinama kupita mlangoni asubuhi ile, Mpekuzi alidhani amefuata nguo.

"Shati langu si nilichukua juzi?"

"Shati lako halina neno," akasema yule mama. "Neno ninalo mimi."

Nusu ya mji ilivaa nguo zilizopita mikononi mwa mama huyu. Alizifua uani, akazitia wanga, akazipiga pasi ya mkaa mbele ya dirisha lake, na mtu akitembea na shati lake barabarani ulijua limetoka kwake kwa jinsi kola ilivyosimama. Alikuwa na kovu la moto kwenye kila kidole, na alikaa kwenye kiti cha wageni kwa upande mmoja, kwa kuwa kiti kile kilikuwa na mguu mfupi na mji mzima ulikijua.

"Mwanangu hanisalimii," akasema.

Mpekuzi alitaka kucheka, akajizuia. "Dada yangu, hiyo si kazi ya mpelelezi. Hiyo ni kazi ya shangazi."

"Shangazi zake wamekufa. Wangekuwepo nisingekuja kwako wewe unayenuka gundi ya viatu."

Basi akaeleza, na Mpekuzi akasikiliza, ingawa sehemu kubwa aliijua. Nani asiyemjua Tarumbeta? Mtoto wa pekee wa Mama Dobi, kijana mwembamba mwenye sauti iliyomzidi mwili. Chanjo ya watoto, mechi ya mpira, mtu aliyepotelewa na ng'ombe, msiba, yote yalitangazwa na yeye juu ya gari lenye spika nne, na watu walisema Tarumbeta akikutangazia msiba wa adui yako unaweza kulia. Uchaguzi ulipokaribia, Mwenyekiti wa mji, aliyetaka kurudi kitini, akamchukua awe mdomo wake.

Sasa kijana huyu alikuwa na desturi. Gari likifika kwenye kona ya nyumba yao, hata kama amebeba tangazo la serikali nzima, hulikata. "Mama, shikamoo." Mji wote unasikia. Na mama, pasi mkononi, hutoa kichwa dirishani na kujibu kwa sauti yake yote, "Marahaba, mwanangu." Kisha tangazo linaendelea. Watu wa mtaa ule walikuwa wanaacha kupiga soga ili wasikie salamu hiyo. Kuna wazee waliorekebishia saa zao hapo.

"Tuligombana," akasema Mama Dobi. "Sikumtaka yule Mwenyekiti. Mashati yake nafua, najua jasho lake. Nikamwambia mwanangu, achana na huyu mtu. Akaniambia, mama, wenzangu wana majembe, mimi nina mdomo, sasa niulime wapi? Nikakasirika. Nikasema, basi usinisalimie tena mpaka uachane naye."

Kule mbele fundi viatu alikuwa anagonga soli.

"Tangu siku ile hajarudi nyumbani. Wanasema analala ng'ambo ya mto pamoja na watu wa kampeni. Lakini kila siku gari linapita dirishani kwangu, na sauti yake naisikia, yake hasa, mchagueni, msikosee, na wakifika kwenye kona, hakatizi. Anapita kama anapita kwa mtu baki."

"Humwoni ndani?"

"Vioo vyote vimebandikwa sura ya Mwenyekiti. Nikitoka mbio, gari limeshakata kona."

"Na dereva?"

"Dereva ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimemuuliza. Anasema, dada, kijana ana kazi nyingi, anakusalimu sana. Lakini ananiambia huku anatazama miguu yangu."

Mpekuzi aliiandika hiyo kichwani.

"Nataka umwone mwanangu, umuulize jambo moja. Ananikasirikia, au ananitii? Maana kukataa kunisalimia nilimwambia mwenyewe. Kama ananitii, mwambie nimelifuta lile neno. Kama amekasirika, mwambie radhi yangu anayo, lile neno lilinitoka kwa hasira. Mtoto hatembei vizuri duniani akiwa na neno la mama mgongoni. Hilo tu, kaka yangu. Nitakupigia pasi nguo zako zote."

"Nina mashati mawili."

"Basi utapendeza mara mbili."

Akaondoka. Mpekuzi akabaki akitazama kile kiti chenye mguu mfupi. Aliiona kazi hiyo nyepesi kuliko zote alizowahi kupewa, akaona haya kidogo kuipokea.

Ofisi ya kampeni ilikuwa chini ya nyumba ya wageni ya Mwenyekiti, chumba kilichokuwa baa na bado kinanuka bia iliyomwagika zamani. Katibu wa kampeni alikaa nyuma ya meza ya plastiki, feni inampepea yeye peke yake.

"Namtafuta Tarumbeta," Mpekuzi akasema. "Ujumbe wa nyumbani tu."

"Yuko vijijini."

"Kijiji gani?"

"Vyote." Katibu akacheka, lakini chini ya meza mguu wake ulianza kutikisika kama wa fundi cherehani. "Mpekuzi, mzee wangu, uchaguzi ni Jumapili. Mambo mengine yasubiri Jumatatu."

"Mambo gani?"

"Hayo mengine."

Mpekuzi alishukuru, akatoka. Mtu anayeficha mwanamke hutazama mlango. Anayeficha mbuzi hutazama uani. Katibu alikuwa ametazama kalenda. Hilo lilimkaa Mpekuzi kooni kama mwiba wa samaki.

Akapanda baiskeli, akalifuata gari.

Gari la matangazo halina mwendo wa kumshinda mtu mwenye baiskeli na subira. Lilikuwa pikapu kuukuu, spika nne zimefungwa kwenye fremu ya chuma nyuma, mbili mbele zimekula kutu na mbili za nyuma ni mpya, zinang'aa. Sauti ya Tarumbeta ilitoka humo tamu kama kawaida, imejaa mzaha, ikiwaita akina mama sokoni, ikiwatania wapiga bao, ikimpamba Mwenyekiti kwa sifa ambazo Mwenyekiti mwenyewe angezisikia kwa mshangao. Watu walipunga mikono. Ila Mpekuzi aliona kitu. Waliopunga walikuwa watoto na wageni. Wenyeji waliinamisha vichwa, wakajifanya wanahesabu nyanya.

Kitu cha pili: kutoka sokoni kwenda stendi, njia ya kawaida ni ile inayopita mashine ya kusaga, iliyonyooka kama rula. Gari halikuipita. Lilizunguka nyuma ya machinjio, kwenye mashimo, likirukaruka mpaka maneno yakawa yanakatika.

Karibu na stendi likachemka. Moshi mweupe ukatoka mbele, dereva akashuka na dumu la maji, akafungua boneti, akaanza kumimina kwenye rejeta. Huyo ndiye mdogo wake Mama Dobi, ambaye kwa ajili ya mpwa wake mji mzima ulimwita Mjomba. Alikuwa ameacha mlango wazi. Kiti cha pembeni hakikuwa na mtu. Juu yake palikuwa na redio ndogo yenye waya na taa nyekundu, na sauti ya Tarumbeta iliendelea kutoka angani, "Ndugu zangu, mimi leo sisemi mengi," huku ikisema mengi.

Mpekuzi alishuka kwenye baiskeli polepole.

"Shemeji," akasema, maana ndivyo walivyozoea kutaniana, "naona tarumbeta ipo, mpigaji hayupo."

Mjomba alishtuka, maji yakamwagikia viatu. "Ni rekodi tu. Siku hizi wote wanafanya hivyo. Kijana koo lilimkauka, anapumzika."

"Anapumzikia wapi?"

"Ng'ambo."

"Nipeleke nikamwone. Nina ujumbe wa mama yake."

"Baada ya Jumapili."

Jumapili tena. Mpekuzi akamtazama. Mwanaume wa makamo, amekonda kiasi kwamba mkanda ulimzunguka ukabaki mkia wa kufungia mzigo. Basi akaamua kumpa ule ujumbe kama ulivyo, kwa sababu wakati mwingine ukweli ukiuweka mezani, mwingine hutoka kuja kukaa karibu nao.

"Dada yako anadhani mtoto amemnunia. Anasema gari linapita bila salamu. Yeye ndiye aliyemwambia asimsalimie, na sasa hali, halali, anadhani neno lake ndilo lililomfukuza. Anataka kumwambia radhi yake anayo."

Mjomba alifunga kifuniko cha rejeta kikiwa bado cha moto, kwa mkono mtupu, wala hakutoa sauti. Kisha akafuta uso kwa mkono uleule.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Akaingia garini, akaondoka, na Tarumbeta akaondoka naye akihubiri.

Kesho yake Mpekuzi alikwenda kwa Mama Dobi kumpa nusu ya habari: sauti ni rekodi, mtoto mwenyewe hajaonekana. Alikuwa hajui atalisemaje. Chumba kilikuwa na joto la makaa na harufu ya wanga. Kwenye kamba zilining'inia fulana za kampeni, nyingi, zote zenye sura moja inayotabasamu. Mlangoni palikuwa na benchi la mbao lililopakwa chokaa, na juu yake shuka zilizokunjwa zinasubiri wenyewe.

"Umemwona?" akauliza, pasi haijasimama.

"Dada, kaa kwanza."

"Mimi sikai na pasi ya moto. Sema."

Kabla hajafungua kinywa, wakasikia gari linakuja. Sauti ikatangulia, mchagueni, msikosee, ikafika kwenye kona. Halafu ikakatika. Palikuwa na mkwaruzo, kimya kidogo, kisha:

"Mama, shikamoo."

Mpekuzi alikuwa ameona watu wakipokea habari nyingi, mbaya na nzuri, lakini uso kama ule hakuwahi kuuona kwa mtu mzima. Ulifunguka. Mama Dobi aliweka pasi kwenye kigae chake, akashika dirisha kwa mikono miwili, akavuta pumzi ya kujibu.

"Na wewe mzee," sauti ikaendelea, yenye kicheko ndani yake, "amka hapo kwenye benchi, jua limekukalia kichwani. Akina mama, leteni watoto wa cha..."

Mkwaruzo. Mchagueni, msikosee. Gari likakata kona.

Pumzi ile Mama Dobi hakuitoa kwa muda mrefu. Ilipotoka haikuwa na neno ndani. Mpekuzi alitazama benchi. Shuka tu.

"Mume wangu alikuwa analala hapo," akasema Mama Dobi. "Akishakula mchana. Jua likimfikia hakuhisi, mpaka mtoto amtanie kwenye spika. Alikufa kabla ya mvua za mwaka jana. Mwanangu ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea."

Akaichukua pasi. Akaitazama chini yake, akaitemea mate kidogo kuona kama bado ina moto, kama anavyofanya siku zote.

"Mtoto aliyemzika baba yake hamwamshi kwenye benchi," akasema. "Hiyo ni sauti ya siku za chanjo. Kuna mtu ameichimba akaniletea. Kaka yangu, nenda kaniulizie vizuri. Sitaki tena kujua kama amekasirika. Nataka kujua alipo."

Alisema bila kulia. Aliendelea kunyoosha fulana iliyokuwa mbele yake, akipita juu ya lile tabasamu, mara moja, mara ya pili, mpaka rangi ikaanza kunata kwenye pasi.

Mpekuzi hakwenda kwa Katibu. Alikwenda mahali ambapo gari lilikataa kupita.

Mashine ya kusaga ilikuwa mali ya Mwenyekiti, na ilikuwa moja tu kwa mji mzima. Ng'ambo ya barabara palisimama nguzo ya umeme. Mpekuzi aliinua macho. Waya uliokwenda kwenye mashine ulipita juu sana, mpya, kwenye nguzo mpya ambayo udongo wake chini ulikuwa bado haujaota nyasi. Lakini kwenye ukuta wa mashine, kimo cha mtu aliyesimama nyuma ya pikapu, palikuwa na kiraka cha saruji mbichi na alama ya chuma iliyong'olewa. Akakumbuka. Miaka yote waya ulipita hapo, umevutwa kienyeji bila kibali, unaning'inia kama kamba ya kuanikia, na wabeba magunia walikuwa wanainama wakiufikia. Hakuna aliyekumbuka tena kwamba ni kosa. Ukiishi na nyoka darini unazoea mkwaruzo wake.

"Huu waya ulihamishwa lini?" akamuuliza msagaji.

"Mimi nasaga tu," msagaji akajibu, uso mweupe kwa unga. "Mashine ina kelele. Sisikii kitu."

"Sikukuuliza ulichosikia."

Foleni ya wanawake wenye ndoo ilikuwa imenyamaza. Bibi mmoja, aliyekalia ndoo yake, alimtazama Mpekuzi kwa macho yaliyochoka.

"Mbona umechelewa hivyo?" akasema.

"Bibi, nimeanza jana."

"Sisi tulidhani mtu atakuja siku ileile. Askari, yeyote. Tukangoja. Akaja fundi umeme na ngazi."

"Mlikuwepo?"

"Mvua ilikuwa inaanza. Tulikuwa tumejibana hapa barazani. Tuliona wote." Wenzake wakatazama chini. Mmoja akamvuta nguo anyamaze, bibi akauondoa mkono. "Niache. Mimi sina jino la kutafunia huo unga, wanifungie mashine."

"Na mama yake hakuna aliyemwambia?"

"Nani apeleke? Kila mmoja alimngoja mwenzake. Siku ya kwanza unaogopa, ya pili unaona haya, baadaye unapita dirishani kwake kwa njia ya nyuma. Nguo zangu sijampelekea tangu siku hiyo, nazifua mwenyewe na mgongo huu." Akajifuta pua. "Nenda kamuulize aliyekuwa kwenye usukani. Marehemu hasemi, ndugu yake ndiye kinywa chake."

Hivyo ndivyo Mpekuzi alivyolisikia neno marehemu, kwenye foleni ya unga, mchana kweupe.

Mjomba alikuwa mtoni anaosha gari. Alipomwona Mpekuzi anateremka na baiskeli, hakuuliza kitu. Alikaa kwenye jiwe, akaacha kitambaa kichukuliwe na maji.

"Amesikia?" akauliza. "Salamu?"

"Amesikia. Pamoja na ile ya kumwamsha mumewe."

Mjomba hakuelewa, kisha akaelewa, akashika kichwa. "Sikuisikiliza mpaka mwisho. Niliitafuta kwenye vitu vyake vyote, nilipoipata ile shikamoo nililia, sikusikia mbele. Nilitaka apate tu salamu. Ulisema hali wala halali."

Halafu yakatoka yote, bila kuulizwa, kama maji kwenye rejeta ile.

Mkutano ulikuwa ng'ambo na mawingu yalikuwa yamejaa. Mwenyekiti alipiga simu mara kwa mara, wapi nyinyi, watu wanaondoka. Wakapita njia ya mashine ili wawahi. Matone yalipoanza, Tarumbeta alisimama nyuma kufunika spika kwa nailoni, mkono mmoja kwenye fremu ya chuma. "Alikuwa anaogopa zisinyeshewe. Za kuazima zile. Mimi nilikuwa natazama barabara. Nikasikia kitu kama kitambaa kinachanika. Basi."

Mwenyekiti alifika mwenyewe. Alilia, Mjomba alisema, tena machozi ya kweli. Kisha akaacha kulia, akautazama waya. Akasema mji ukijua sasa, tumepoteza wote. Akasema wewe dereva ulipita chini ya waya na mtu amesimama, utaozea jela. Akasema ni siku chache, baada ya kura tutamwambia mama kwa heshima, tutamjengea kijana kaburi la marumaru. Wakampeleka mji wa jirani, wakamzika kwenye makaburi ya wasio na wenyewe.

"Ukakubali."

"Nilikubali. Niliogopa. Halafu nikaona kwamba dada angalau anaisikia sauti. Katibu aliwahi kusema tutafute mtangazaji mwingine, nikakataa. Nikaomba nipite mtaani kwake kila siku, hata siku isiyo ya zamu. Nilisema moyoni, akiisikia, kwake bado yupo. Mpaka Jumapili awe na mtoto."

Mpekuzi alitaka kukasirika, lakini hasira haikupata pa kushika.

"Alikuwa amemnunia?" akauliza hatimaye. "Ndilo nililotumwa."

Mjomba akainua uso. "Asubuhi ile aliniambia, mjomba, leo tukitoka ng'ambo tupite kwa mama. Nitamsalimia, hata akinirushia pasi."

Mpekuzi alimtazama machoni kama alivyozoea kuwatazama waume waliochelewa kurudi. Miaka yote ile ya kusoma macho ya watu, na hapo hakuweza kujua kama anaambiwa kilichosemwa au kilichotakiwa kuwa kimesemwa.

"Twende," akasema. "Utamwambia mwenyewe. Mimi nitasimama mlangoni."

Yaliyofuata baadaye mji unayajua, na kila mtu ana namna yake ya kuyasimulia. Mjomba alijipeleka kituoni, akafunguliwa kesi ya uendeshaji wa hatari. Faili la waya lilifunguliwa pia, likafungwa, kwa kuwa waya wenyewe haukuwepo tena kuonyeshwa. Bibi wa foleni alikwenda kutoa ushahidi, akaambiwa arudi na mwenzake aliyeona, akazunguka kutafuta mwenzake. Mwenyekiti alishinda. Katibu alituma shati la kuapishwa kwa Mama Dobi kama kawaida, watu wale hawaoni aibu, na shati likarudi kwenye kapu lilelile, limelowa, limekunjwa kama lilivyokamuliwa, bila pasi, bila ujumbe. Mwenyekiti akaapa akiwa na shati la dukani lenye mikunjo ya boksi. Na mji mdogo una macho: kila aliyeiona ile kola imelala alijua, akanyamaza, kama ilivyo kawaida yetu.

Lakini mchana ule hayo yote yalikuwa bado.

Mjomba alisimama katikati ya chumba, chini ya kamba za fulana, akasema yote tangu mwanzo. Mama Dobi alikuwa amekaa kwenye benchi. Shuka za watu alikuwa ameziweka chini. Pasi ilikuwa imepoa. Hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, akauliza kitu ambacho Mpekuzi hakukitegemea.

"Nani alimwosha?"

"Mimi, dada. Kwa mikono hii. Walitaka kuharakisha nikawakatalia."

"Maji yalikuwa baridi?"

"Niliyapasha. Kwa jirani pale niliomba jiko."

Akatikisa kichwa taratibu. "Tangu utoto hapendi maji baridi."

Mjomba akapiga magoti. Akamwambia na lile la asubuhi, hata akinirushia pasi. Mama Dobi alimtazama muda mrefu, na Mpekuzi pale mlangoni aliomba, mtu asiye na mazoea ya kuomba, asije akauliza kama ni kweli. Hakuuliza. Aliweka mkono wenye makovu juu ya kichwa cha mdogo wake, akauacha hapo, wala hakusema amesamehe.

"Ile sauti unayo garini?"

"Ninayo."

"Ilete kwenye kona. Punguza, isisikike mtaa mzima. Nusu yangu ya salamu ilibaki kooni."

Mjomba akatoka. Gari likarudishwa nyuma mpaka kwenye kona, taratibu, ile sura ya Mwenyekiti imeanza kubanduka kwenye kioo kwa maji ya mtoni. Majirani waliokuwa nje wakasimama. Safari hii hakuna aliyeinamisha kichwa. Mama Dobi akaenda dirishani, mahali pake pa siku zote, akashika fremu kwa mikono miwili.

Mkwaruzo. Kimya kidogo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. Si kwa sauti yake yote. Kwa sauti ya mtu aliyeketi kitandani na mtoto.

"Na wewe mzee, amka hapo kwenye benchi, jua limekukalia kichwani."

"Amelala, baba," akasema Mama Dobi. "Muache. Na wewe lala."

Mjomba akaizima. Mama Dobi akafunga dirisha, akaanza kuokota shuka za watu pale chini, moja moja, akizikung'uta vumbi.